Soja Alipata Kura 29 Kabla ya Ushahidi Wowote

Watoto wa Gredi ya 5 wanajua mwizi ni nani kabla hujawaambia ni nini kimeibwa. Sichezi. Jumamosi moja asubuhi nilisimama mbele ya watoto 38 katika shule moja ya umma huku Eastlands, nikawaambia kombe la mashindano ya nyimbo limepotea kwa kabati la ofisi, na washukiwa ni watu wazima wanne wanaowaona kila siku: mpishi, sekretari, mwalimu wa Hisabati na soja wa geti. Kabla sijawaonyesha kitu chochote nikawapa vikaratasi. Kila mtu aandike mshukiwa mmoja, akunje, atupe kwa kofia. Soja 29. Mpishi 6. Sekretari 3. Mwalimu wa Hisabati, hata moja.

Kombe lilikuwa kwa mkoba wangu muda huo wote. Watu wazima wote wanne walikuwa wamekubali kuigiza na watoto walijua ni mchezo. Hapo ndipo paliponichoma. Hata kwa mchezo, manze.

Nikauliza sababu. "Soja ako na funguo zote." Sawa, hiyo ni hoja. "Soja hulala huko usiku." Pia hoja, ingawa si nzito. Halafu kijana wa dawati la nyuma akasema kile ambacho wengine walikuwa wanakizunguka: "Ticha, mwalimu hawezi iba. Ako na mshahara." Darasa lote likaitikia kama vile amesema mbili na mbili ni nne. Na huyo kijana, niliambiwa baadaye, babake ni soja kwa fleti za ng'ambo ya barabara.

Mnajua mimi hutengeneza video fupi za sayansi. Dadangu ni mwalimu katika hiyo shule, na ndiye alinipigia akaniambia klabu yao ya sayansi imechoka kuchora mizizi ya maharagwe, kwa hivyo nije na kitu cha forensiki. Watoto wanapenda mambo ya DCI, akasema. Wanaangalia zile filamu ambapo mtu anabonyeza kompyuta na uso wa mhalifu unatokea. Nikasema sawa, nipe wiki mbili.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta jinsi wenzetu wanavyofundisha. Marekani na Uingereza hili somo ni la kawaida hata kwa watoto wa miaka tisa au kumi. Mwalimu anatunga kisa, anaweka dalili hapa na pale, na watoto wanazunguka na lenzi mkononi wakijifanya wapelelezi. Wazo zuri sana. Mtoto hataki kusikia kwamba wino ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, lakini mwambie huo wino umeandika barua ya mwizi, utaona vile anakaa wima.

Shida ni kwamba visa vingi nilivyokutana navyo vinaanza na maiti. Umbo la mtu limechorwa kwa chaki sakafuni, utepe wa manjano, damu ya bandia. Pengine kuna mitaa ambako hicho kitu ni filamu tu. Huku kwetu kuna watoto wa miaka kumi waliopita kando ya mwili halisi wakienda shule, na kuna mwenye kaka ambaye picha yake iko ukutani na hakuna anayeeleza vizuri alivyokufa. Mimi siwezi kuchora mtu sakafuni mbele ya huyo mtoto halafu niseme leo tunajifunza. Kombe linatosha. Kombe likipotea hakuna anayelia.

Pia niliamua hakuna mtoto atakayekuwa mshukiwa. Hii ilimshangaza dadangu, alidhani ingechangamsha zaidi. Lakini fikiria vile jina la mwizi linavyoshika shuleni. Unaweza kuwa ulishukiwa kwa penseli ya mtu ukiwa Gredi ya 2, penseli ikapatikana chini ya dawati la mwenyewe, na bado ukifika Gredi ya 6 kitu kikipotea macho yanakugeukia. Watu wazima wanne wenye kazi na umri wao wanaweza kubeba huo mzigo kwa saa mbili. Angalau ndivyo nilivyofikiri.

Sasa kesi yenyewe. Nitaieleza polepole kwa sababu wengine wenu ni walimu wa mazoezi na mmekuwa mkiniuliza.

Kwenye "kabati" kulikuwa na vitu vitatu. Unga mweupe kidogo kwenye rafu. Kikaratasi kilichoandikwa "Msinitafute" kwa wino mweusi. Na gilasi ya maji yenye alama ya kidole.

Unga tulianza nao. Kila mshukiwa alikuwa na unga wake mweupe: mpishi unga wa ngano, sekretari beking pauda kwa sababu kweli yeye huuza keki ofisini, mwalimu vumbi la chaki, na soja pauda ya talka ya kuweka kwa buti. Watoto walikuwa na siki, iodini ya duka la dawa iliyopunguzwa kwa maji, na vifuniko vya soda kama vyombo vya maabara. Tone la iodini kwa unga wa ngano linageuka buluu nzito karibu nyeusi, maana kuna wanga. Kwa beking pauda ukitia siki, povu. Lakini kuna kitu kitamu hapa ambacho hakisemwi sana: beking pauda pia inageuka nyeusi kwa iodini, kwa sababu kiwandani huwa wanaichanganya na wanga ili isishike unyevu. Kwa hivyo inajibu ndiyo mara mbili. Na hata maji matupu yanaitoa povu, kwa sababu tindikali iko humo humo ndani tayari. Beking soda ya kawaida haifanyi hivyo. Kundi moja liligombana dakika tano nzima kwamba sampuli yao imechafuliwa. Sikuwasaidia. Waliirudia mara tatu.

Unga wa kabati haukugeuka rangi na haukutoa povu. Chaki nyingi za siku hizi ni jasi, na jasi haijali siki. (Kuna chaki za chokaa zinazotoa povu, kwa hivyo ukifanya hii, jaribu chaki za shule yako nyumbani kwanza.) Talka pia haijali siki wala iodini. Kwa hivyo mpishi na sekretari wakatoka. Wakabaki mwalimu na soja.

Darasa likalipuka. Soja! Soja! Kulikuwa na mtoto amepanda juu ya benchi.

Mnaona vile ilivyoenda? Kipimo kilisema "mmoja kati ya wawili". Wao wakasikia "soja". Ushahidi ambao haukuwa umechagua mtu ulikuwa umegeuzwa kuwa muhuri wa kitu walichokiamini saa mbili na nusu asubuhi. Na sidhani hili ni jambo la watoto. Nenda kwa grupu yoyote ya wakaaji wa fleti usome vile watu wanavyomzungumzia mama wa nguo siku simu imepotea.

Kilichowatuliza hakikutoka kwangu. Msichana mmoja alikuwa amemwaga vumbi la chaki kwa kikombe cha maji, kwa kucheza tu, halafu akamwaga na talka kwa kikombe kingine. Akakoroga zote mbili. Ile ya chaki ikafanya maji yawe kama maziwa na ikatulia chini. Ile ya talka ikarudi juu ikaelea kwa mafungu, kama haitaki kuguswa na maji. Akaniita. "Ticha, hizi si moja." Nikamwuliza, sasa ungefanya nini? Akachukua punje za mwisho za unga wa kabati akazitia kwa kikombe cha tatu. Maji yakawa meupe, unga ukazama.

Mimi sikuwa nimeupanga huo mtihani. Nilikuwa nimepanga talka na chaki zibaki mkanganyiko mpaka wino uamue. Kwa hivyo kuna mtoto wa miaka kumi na moja huko Eastlands ambaye alibuni kipimo chake mwenyewe, akakifanyia sampuli iliyojulikana kwanza kabla ya ile isiyojulikana, na hakuna aliyemwambia huo ndio utaratibu. Nilitaka kupiga kelele. Nilijikaza.

Wino sasa. Hapa kuna kitu rahisi ambacho kila darasa la Kenya linaweza kufanya bila kununua karatasi maalum: chaki nzima. Chora duara la wino kuzunguka kijiti cha chaki, kama sentimita moja na nusu kutoka chini, kisimamishe kwa kifuniko chenye maji kidogo yasiyofika kwa wino. Maji yanapanda ndani ya chaki na kubeba rangi. Rangi zinazopenda maji zaidi zinaenda mbali, zile zinazong'ang'ania chaki zinabaki nyuma. Jina lake ni kromatografia na jina lenyewe ni refu kuliko kazi.

Kalamu zilikuwa nne, zote nyeusi. Biro ya soja, ile ya kitabu cha wageni, haikusonga hata kidogo, maana wino wa biro hauyeyuki kwa maji. Maka ya sekretari pia ilibaki pale pale. Felti-peni ya mpishi ikapanda ikawa kahawia na kijani. Felti-peni ya mwalimu wa Hisabati ikapanda ikawa zambarau, halafu buluu, na mstari mwembamba wa manjano juu kabisa. Wino kutoka kwa barua ya "Msinitafute", tuliokuwa tumeukwangua na tone la maji, ukatoa zambarau, buluu, manjano.

Kimya. Manze, kimya kile. Mwalimu wa Hisabati alikuwa amesimama mlangoni akijaribu kutocheka.

Lakini bado kulikuwa na gilasi, na gilasi ndiyo iliyokuwa moyo wa somo zima kwangu. Tulinyunyiza vumbi laini la penseli kwa brashi ya vipodozi, alama ikatokea, tukaitoa na selotepu tukaibandika kwa karatasi nyeupe. Tayari watoto walikuwa wamejifunza maumbo matatu kwa vidole vyao: kitanzi, ambacho wengi wetu tunacho, mzunguko kama wa konokono, na tao, ambalo ni la nadra. Walilinganisha na kadi za washukiwa wanne. Ilikuwa ya soja. Kidole gumba cha kulia, mzunguko, na kovu dogo linalokata katikati. Hakuna ubishi.

Basi hapo ndipo wakagawanyika, na hapo ndipo niliketi chini. Wengine wakasema nilijua tu, alama ya kidole haidanganyi. Hilo neno wamelisikia kwa filamu. Wengine wakasema lakini unga na wino ni wa mwalimu. Mmoja akapendekeza labda waliiba wakiwa wawili, na kwa kweli hiyo ni nadharia halali. Mjadala ukaenda kama robo saa hivi, hadi yule yule kijana wa nyuma, wa "mwalimu ako na mshahara", akainua mkono. Akauliza kama anaweza kumuuliza soja swali.

Mzee akaingia. Akavua kofia. Kijana akasimama, akamwamkia vizuri, shikamoo, maana ni mtoto aliyelelewa, kisha akamuuliza kama huwa anaingia ofisini asubuhi. Mzee akasema kila siku saa kumi na mbili, anafungua madirisha, anakusanya gilasi na vikombe vya mkutano wa jana anavipeleka jikoni. Kijana akageukia wenzake. "Hiyo alama inasema aligusa. Haisemi aliiba. Haisemi hata aligusa lini."

Watu wazima wamelipia ada ya chuo kusikia hilo.

Nadhani kosa kubwa la jinsi forensiki inavyoonyeshwa kwa vijana ni kwamba inauzwa kama mashine ya kupata wenye hatia. Historia yake ni ya ajabu zaidi. Mwaka 1984 pale Leicester, Uingereza, mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua kwamba DNA inaweza kutofautisha mtu na mtu. Miaka miwili baadaye polisi wakamletea kesi ya wasichana wawili waliouawa. Walikuwa tayari na kijana wa miaka 17 ambaye alikuwa amekiri mauaji ya mmoja wao. Amekiri kwa mdomo wake. Kipimo kikasema mwuaji ni mtu mmoja kwa kesi zote mbili, na si huyo kijana. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya DNA katika kesi ya jinai ilikuwa kumtoa mtu ndani. Mwuaji halisi, Colin Pitchfork, alikamatwa baadaye, 1987.

Na ukitaka upande wa pili, kuna Brandon Mayfield, wakili wa Oregon huko Marekani. Machi 2004 mabomu yalilipua treni za Madrid, Uhispania. Alama ya kidole ilipatikana kwenye mfuko wa plastiki, na wataalamu wa FBI, si watoto wenye vumbi la penseli, wakasema ni yake. Alikuwa Mwislamu, aliwahi kumtetea mtu aliyehukumiwa kwa kesi ya ugaidi katika shauri lake la kugombea mtoto. Alifungiwa wiki mbili hivi mpaka polisi wa Uhispania waliposema alama hiyo ni ya mtu mwingine, Mwaljeria. Baadaye FBI wakaomba msamaha. Unajiuliza: wangeangalia hiyo alama kwa macho gani kama jina na dini yake vingekuwa vingine? Kura 29 zilipigwa Oregon pia.

Kuna jambo jingine la alama za vidole ambalo sikuweza kuliruka, kwa sababu hapa Kenya si hadithi ya wapelelezi. Mbinu za kupanga alama kwa mafaili zilikamilishwa Calcutta miaka ya 1890, chini ya Mwingereza Edward Henry. Kazi ngumu ya hesabu ilifanywa na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, lakini mfumo ukaitwa jina la bosi. Na mara tu serikali ya kikoloni ilipoutumia huku kwetu, haikuwa kutafuta mwizi wa kombe. Ilikuwa kipande. Sheria ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi abebe karatasi yenye alama zake za vidole na rekodi ya mwajiri, ndani ya kikopo cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Ukiacha kazi bila mwajiri kukuandikia, unatafutwa. Harry Thuku alilipigia kelele hilo na mengine, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Niliwaambia watoto hili kwa dakika tano tu, kwa lugha nyepesi. Mtoto mmoja akauliza, "Kwa hivyo walikuwa washukiwa wote?" Ndio. Nchi nzima ya washukiwa, kabla kitu chochote hakijaibwa.

Ndio maana sikubaki na alama ya mtoto yeyote. Kila mmoja alipiga yake kwa karatasi yake na akaenda nayo nyumbani. Kadi za wale wakubwa wanne niliwarudishia mkononi, mbele ya watoto, na mpishi akaichana yake papo hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu alama za vidole kuwa data nyeti, na data ya mtoto inahitaji ruhusa ya mzazi. Lakini hata kama sheria isingekuwepo. Sisi ndio kizazi kilichopanga foleni KICC 2023 kupigwa picha ya mboni ya jicho kwa ahadi ya shilingi elfu chache, hadi serikali ikasimamisha. Simcheki mtu, pesa ni pesa na wakati ule mambo yalikuwa magumu. Ila nataka mtoto wa Gredi ya 5 akiambiwa weka kidole hapa, angalau aulize itakaa wapi.

Sasa malalamiko. Wiki iliyofuata wazazi wawili walimwendea dadangu. Mmoja alisema tunawafundisha watoto kushuku walimu wao. Mwingine alisema mtoto wake alifika nyumbani akamwambia "una ushahidi gani?" alipoulizwa ni nani amemaliza sukari. Huyu wa pili namwelewa, nami ningekasirika. Kuna adabu ya nyumbani na mama haitaji kupeleka sukari kwa maabara.

Huyu wa kwanza sikubaliani naye, na nitasema kwa nini. Hakuna aliyelalamika kwamba tunawafundisha kushuku soja. Hiyo haikuhitaji kufundishwa, walikuja nayo kutoka nyumbani, kwa geti, kwa matatu, kwa vile tunavyosema "hawa watu" tukimaanisha anayepika na anayefua. Kilichomkera mzazi ni kwamba safari hii ushahidi ulimpata mtu mwenye tai. Na kombe lenyewe, kwa hadithi niliyotunga, mwalimu alikuwa amelipeleka kuchongwa majina ya watoto kama sapraizi. Hata kwa kisa cha kubuni hakuiba. Bado ilionekana kama amevuliwa nguo.

Kuna wanaosema pia kwamba hii ni raha tu, haimo kwa mtihani. Sijui mtihani ungeonekanaje, lakini CBC inasema inataka fikra za kina na utatuzi wa matatizo, na nimeona mtoto akitengeneza kipimo cha talka kwa kikombe cha chai. Gharama yote haikuzidi shilingi mia nane, na sehemu kubwa ilikuwa siki na felti-peni. Katiba yetu, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa huchukuliwa hana hatia mpaka ithibitishwe kinyume. Ni sentensi fupi. Ukiisoma kwa darasa la watoto 38 inapita kama upepo. Ukiwaambia warudi kwa kofia wahesabu tena zile kura 29 huku mzee amesimama pale na kofia yake mkononi, hiyo ni kitu kingine.

Walizihesabu. Sikuwaambia waombe msamaha, na hakuna aliyeomba kwa maneno. Wakati wa kutoka nikaona foleni ya kwenda getini imekuwa ya polepole kuliko kawaida, kwa sababu kila mmoja alikuwa anasimama kumwamkia.

Baadaye nikakaa na mzee kwa benchi lake. Nilitaka kujua kama zile kura zilimuumiza. Akacheka. "Kijana wangu, mimi nimefanya hii kazi miaka kumi na minne. Kila kitu kikipotea wananianza mimi. Mwaka juzi jenereta iliharibika nikaulizwa." Akanyamaza kidogo akiangalia barabara. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza kwanza mimi hufanya nini asubuhi."

Kesi ya muhula ujao ni ya bomba la tangi lililoachwa wazi usiku mzima. Nimeshaanza kukusanya nyayo: akala zile za tairi zinaacha alama nzuri ajabu kwa matope, na mtoto akipima urefu wa unyayo anaweza kukisia urefu wa mtu, maana mguu ni kama asilimia 15 ya kimo. Wanakisia tu, na ndivyo nitakavyowaambia. Mpishi amekubali kurudi. Sekretari anataka kulipwa kwa kununuliwa keki. Mwalimu wa Hisabati amekataa katakata, anasema watoto wa Gredi ya 4, ambao hata hawakuwepo siku ile, wanamwita mwizi wa kombe kwa korido. Nimembembeleza, wapi.

Mzee naye amekubali, lakini kwa masharti: safari hii yeye ndiye anashika ufunguo wa sanduku la ushahidi. Watoto wameshaanza kumuuliza ataliweka wapi, na nani mwingine ataligusa.